Mama ameanza kufunika mdomo anapocheka. Tuzungumze kuhusu meno ya wazee wetu

Binti wa Meru (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, salaam. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Mama yangu ana miaka 71. Amezaliwa Ngarenanyuki, Arumeru, akaolewa huko huko na akazeekea huko. Baba alipofariki nilimleta Dar akae nami, maana kule alibaki na ng'ombe wawili na nyumba kubwa isiyo na mtu. Wanaoijua Arumeru wameshaelewa ninaelekea wapi. Meno ya Mama ni ya kahawia. Si ya njano, ni kahawia kabisa, na ya mbele yana vishimo vishimo. Yangu yana madoa hafifu tu, kwa sababu nilipelekwa kwa shangazi Korogwe nikiwa na miaka mitatu na nikakulia kule.

Nyumbani sikuwahi kumsikia Mama akiyataja meno yake. Mama wadogo, majirani, mchungaji, mwalimu mkuu, wote meno yao ndivyo yalivyo. Anayekuja na meno meupe ndiye mgeni.

Alipofika Dar, mwezi wa tatu hivi, jirani yetu mmoja, mtu mwema ambaye mpaka leo tunapelekeana futari na mboga, alimuuliza: "Bibi, zamani ulikuwa unavuta tumbaku?" Mama akajibu hapana, ni maji ya kwetu. Maongezi yakaendelea. Ila tangu siku ile nikaanza kuona pindo la kanga linapanda mdomoni kila akicheka.

Mwanzoni sikulitilia maanani. Akaanza kula jikoni, anasema huko kuna hewa. Chapati anaichovya kwenye chai mpaka inalegea. Nyama akasema haimpendezi tena. Akina mama wa kanisani walikuja kumwomba ajiunge na kwaya, mtu aliyeimba kwaya maisha yake yote, akasema sauti imeisha. Mimi nikajiambia ni majonzi ya Baba, yatapita.

Sasa wiki iliyopita niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikasikia maji ya bomba la uani. Nikatoka. Mama alikuwa ameinama, simu yake ya tochi ameibana kwapani, mkononi ana kifuniko cha chupa chenye mkaa uliopondwa, anasugua meno kwa nguvu kama mtu anayesugua sufuria. Mate aliyotema kwenye zege yalikuwa meusi, na ndani ya ule weusi kulikuwa na wekundu.

Nikasema, "Mama, unafanya nini?" Akakificha kile kifuniko nyuma ya mgongo.

Kisha akaniambia. Sendofu ya mjukuu wake ni mwezi ujao, na hataki watu waangalie picha waulize yule bibi mchafu ametoka wapi. Nilipomwomba afungue kinywa nione, jino moja la mbele la chini lilikuwa linacheza hata kwa kuguswa na ulimi. Akasema, "Hilo ni la uzee, litaondoka lenyewe."

Nilikaa pale kwenye ngazi nikalia. Presha yake naijua kwa namba. Magoti namkanda kila jumapili. Miwani nimembadilishia mara mbili. Mdomo sikuwahi kumuuliza. Nilidhani mtu akishaitwa bibi, sura yake haimsumbui tena.

Naomba mwenye ujuzi anisaidie. Na mwenye mzazi aliyepitia haya aseme, maana naamini siko peke yangu.

Kijana wa Mbeya

Pole sana dada. Naweka kambi hapa.

Msema Kweli 77

Pole dada, lakini tuambizane ukweli. Mtu wa miaka 71 meno meupe ya nini? Hiyo hela mnunulie dawa za presha na maziwa. Bibi yangu alifariki kibogoyo na miaka yake tisini, na alikuwa mtu wa furaha.

Binti wa Meru

Mkuu, nakuheshimu na sijakasirika. Lakini Mama hakuomba meno meupe. Mama ameacha kula na sisi na ameacha kuimba. Mtu akiacha kuimba baada ya miaka hamsini, siwezi kuliita jambo la urembo.

Mjukuu wa Pangani

Msema Kweli hajakosea yote, kuna wazee ambao kibogoyo hakiwasumbui, nami nimelelewa na mmoja. Bibi yangu alikuwa mla tambuu. Jani, popoo, chokaa, katu na kipande cha tumbaku, asubuhi na jioni barazani. Midomo myekundu, na meno machache yaliyobaki meusi kama mbegu za papai. Kwao huo ndio ulikuwa urembo wa mtu mzima, mdomo mweupe ni wa mgonjwa. Magego yalipoisha alinunuliwa kinu kidogo cha kupondea tambuu, akawa anaponda halafu anaweka shavuni. Wageni wakija kinu kinapita mkono kwa mkono. Aibu gani?

Sasa mama yangu, binti yake wa kumzaa, amefika miaka 66, kapoteza meno mawili ya mbele, na hatoki nje bila barakoa mpaka leo, hali korona imeshapita. Nyumba ile ile, baraza lile lile. Nadhani inategemea wenzako wa rika lako wakoje.

Niongeze tu, msije mkaenda kutafuta tambuu kwa ajili ya sifa nilizotoa. Popoo imethibitishwa kusababisha saratani ya kinywa, iwe na tumbaku au bila tumbaku. Kaka yake bibi alifariki kwa kidonda cha shavu ambacho hakikupona.

Tabibu wa Meno

Binti wa Meru, nifikishie shikamoo kwa Mama. Mimi ni tabibu wa kinywa na meno, nimefanya kazi mkoa wa Arusha kabla ya kuhamishwa, kwa hiyo meno ya Mama nayafahamu bila kuyaona.

Mkaa uachwe leo hii. Rangi ile haiko juu ya jino, iko ndani ya gamba lenyewe. Miamba ya volkano ya Mlima Meru ina floraidi nyingi, na chemchemi na mito inaibeba. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya taya, gamba linatoka na vitundu vidogo vidogo visivyoonekana kwa macho. Jino linachomoza likiwa na weupe wa chaki, halafu linafyonza rangi mwaka hadi mwaka, na likiwa limeathirika sana linamomonyoka vishimo. Ukiacha magego ya mwisho, magamba ya meno yote yanakuwa yameshajengeka mtoto akifika miaka minane hivi. Ndiyo sababu mtu mzima anayehamia Arusha meno yake hayabadiliki, na ndiyo sababu wewe uliyeondolewa mapema una madoa tu. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja, na vyanzo vya Ngarenanyuki vinakipita kiwango hicho kwa mbali. Magadi tunayotia kwenye maharage na makande yanaongeza nayo.

Nawaambia wenye watoto wadogo kule: kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yanapungua, floraidi inabaki, kwa hiyo unaizidisha. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachosafisha maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ulizeni huko. Maji ya mvua nayo ni salama kwa upande huo.

Kwa hiyo Mama anaposugua, anakwangua gamba lililobaki na kuuchana ufizi, na rangi iko pale pale.

Jino linalocheza ni jambo jingine. Uzee haung'oi jino. Ukoga usipoondolewa unaganda na kuwa ugaga, ugaga unakaa chini ya ufizi, ufizi unavimba na kutoka damu, kisha mfupa unaoshika jino unaliwa taratibu bila maumivu. Ni kazi ya miaka ishirini, thelathini, ndiyo maana matokeo yake tunayaona uzeeni na kuulaumu uzee. Apimwe na sukari pia, maana kisukari na fizi vinachocheana. Na kama anatumia dawa za presha mwambie daktari, baadhi ya dawa zinakausha mate, na kinywa kikavu kinaharibika haraka.

Nije kwenye hoja yako kubwa. Chuoni tulifundishwa kuhesabu: meno mangapi, matundu mangapi, ufizi umeshuka kiasi gani. Mzee anajipima kwa vitu vingine. Kuna kipimo kilichotungwa Marekani mwaka 1990 kwa ajili ya wazee, kina maswali 12, na hakuna hata moja linalouliza una meno mangapi. Yanauliza kama unapunguza kuonana na watu kwa sababu ya meno, kama unaona vibaya kula mbele ya wengine, kama unapendezwa na mwonekano wa meno yako. Hapa kwetu utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwahoji watu wa miaka 50 na kuendelea wa Dar es Salaam na Pwani. Zaidi ya nusu walisema kinywa kinawakwaza katika maisha ya kila siku, na kula ndiko kulikotajwa zaidi.

Jambo moja nimeliona kazini mara nyingi. Mzee ukimuuliza "kinywa kikoje?" atakujibu "kizuri, mwanangu", na mimi nikiangalia naona ugaga umefunika jino zima. Hasemi uongo. Ameacha muwa, ameacha mahindi ya kuchoma, ameacha firigisi, ameacha karanga, na katika vile vilivyobaki kweli hana shida. Kwa hiyo msimuulize kama meno yanauma. Muulizeni ni chakula gani alikuwa anakipenda na siku hizi hali. Jibu la hapo ndilo linalonipa kazi ya kufanya.

Ustadhi wa Kusini

Assalaam aleikum. Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha uzi huu. Nina miaka 69, mimi ni maalim wa madrasa. Ngoja na mimi mzee mwenyewe niseme.

Wengi mnadhani mapengo yanaumiza kwenye chakula na kwenye kioo. Mimi yaliniumiza kwenye herufi. Anayesoma Kurani anajua kila herufi ina mahali pake pa kutokea. Tha, dhali na dhaa zinatoka ncha ya ulimi ikigusa ncha za meno ya mbele ya juu. Fa inatoka meno hayo hayo yakigusa mdomo wa chini kwa ndani. Mimi niling'olewa manne ya mbele ya juu ndani ya mwaka mmoja.

Siku moja mtoto wa miaka minane alikuwa ananisomea. Akasoma "summa" badala ya "thumma". Nikamsahihisha. Akarudia "summa". Nikamsahihisha tena. Akaniangalia kwa adabu kabisa akasema, "Ndivyo ulivyosoma wewe, maalim."

Yule mtoto hakunikosea. Nilifunga msahafu, nikawaambia watoto leo basi. Wiki iliyofuata darasa nikamkabidhi mwanafunzi wangu, nikawaambia watu nimechoka, umri umekwenda. Waliniamini. Walinipa pole na kuniombea. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, nami sikusema. Ningesemaje? Mtu mzima kulalamikia meno mbele ya watu, nilihisi ni kujishusha.

Na kusema kweli sura nayo iliniuma. Mdomo wa juu uliingia ndani, nikaanza kufanana na marehemu baba yangu katika mwaka wake wa mwisho. Nikawa sijitazami. Hata kitambulisho nilipopigwa picha nilifumba mdomo nikaukaza, na kila nikikitoa nauona ule mkazo.

Baada ya miaka miwili mwanangu wa Mtwara akanipeleka nikatengenezewa ya bandia. Wiki za kwanza mate yalijaa, nilijiona nimeweka kijiko kinywani. Nilijifungia chumbani nasoma kwa sauti, thumma, thumma, dhalika, alladhina, mpaka ulimi ukapajua mahali pake upya. Ilinichukua karibu miezi miwili. Nikarudi darasani.

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Nimeuishi msemo huo na ni kweli. Pengo nalijua lipo kila usiku ninapoyavua. Kwa mwezi wa kwanza nilikuwa nayavua gizani. Mke wangu tumeoana miaka 42, na bado nilingoja taa izimwe. Mpaka siku moja yeye mwenyewe akaniletea bakuli la maji akaliweka upande wangu wa kitanda, hakusema neno, akazima taa akalala.

Binti wa Meru, mama yako ana mtu wa kumuuliza. Mimi nilikaa miaka miwili kabla ya kuulizwa.

Kijana wa Mbeya

Maalim, shikamoo. Hiyo ya bakuli nimeisoma mara tatu.

Mwana wa Kisumu

Niko Kenya, nachangia kutoka upande mwingine. Mzee wangu ana miaka 84. Sisi Waluo, kizazi chake waling'olewa meno sita ya mbele ya chini walipofika ujana. Hiyo ndiyo ilikuwa alama kwamba wewe si mtoto tena. Asiyeng'olewa alionekana bado ananyonya. Mzee anajivunia mapengo yake mpaka leo, akisimulia siku ile anakaa wima kwenye kiti.

Mwaka jana jino la juu lilimsumbua, tukampeleka kwa daktari, kijana tu, mpole na mwenye kazi safi. Akalitoa, halafu akaandika kwenye kadi kwamba mgonjwa amepoteza meno saba. Mzee akamwomba amsomee. Aliposikia "saba" akakasirika. Akasema, "Andika moja. Yale sita sikupoteza, nilitoa."

Daktari akafuta akaandika upya.

Ila niwaambie pia kuhusu baba mdogo, ndugu yake wa tumbo moja. Yeye aling'olewa sawa na kaka yake, kisha akapata kazi Nairobi katika ofisi miaka ya sabini. Mshahara wa kwanza kwanza alitengeneza meno ya bandia ya chini, na alirudi nyumbani likizo akiwa nayo. Babu alimwambia ayatoe akiingia boma. Amestaafu, amerudi, na sasa hivi anayavaa akienda mjini tu. Ndugu wawili, pengo moja.

Mlezi Ughaibuni

Mimi nalea wazee kwenye makao huku Uingereza. Meno ya bandia tunayaandika majina kwa sababu yakichanganyika ni msiba. Nina mama mmoja, kumbukumbu imemtoka kiasi kwamba hawatambui hata wanawe. Lakini mgeni akibisha hodi, kabla hajauliza ni nani, mkono wake unakwenda mdomoni kuhakikisha meno yapo. Kama hayapo anageukia ukutani. Jina lake amelisahau, hilo hajalisahau.

Msema Kweli 77

Nimewasoma wote. Naomba kumuuliza Tabibu, na naomba radhi kwa Binti wa Meru kama nilisema kwa ukali.

Baba yangu alitengenezewa seti nzima, juu na chini, miaka mitano iliyopita. Tulichangishana ndugu wote. Anayavaa Pasaka na Krismasi. Siku nyingine zote yapo kwenye kikombe juu ya kabati. Tumekuwa tukimwona mkaidi, na mimi ndiye niliyemsema kuliko wote, kwamba ametupotezea hela. Ya chini hata hiyo Pasaka anayashika kwa ulimi, akicheka yanaruka. Juzi nimegundua amewahi kuyabandika kwa gundi ya viatu. Tatizo ni nini?

Tabibu wa Meno

Ndugu Msema Kweli, Baba si mkaidi.

Jino likitoka, mfupa uliokuwa unalishika hauna kazi tena, unaanza kusinyaa. Unasinyaa haraka zaidi mwaka wa kwanza, na hauachi maisha yote. Ndiyo maana kidevu cha kibogoyo kinapanda kuelekea puani na mashavu yanaingia. Watu wanasema uso umezeeka, kumbe ni taya limefupika. Meno ya bandia yalitengenezwa kwa kipimo cha fizi za miaka mitano iliyopita. Fizi zimeshuka, meno yamebaki vile vile, lazima yacheze. Ya juu yanasaidiwa na kaakaa, yananata. Ya chini yamekaa kwenye ukingo mwembamba, na ulimi unayasukuma kutwa nzima, kwa hiyo yanasumbua hata yakitengenezwa na fundi hodari. Ni kama kiatu alichokushonea fundi ukiwa mnene.

Arudi nayo. Fundi sanifu wa meno anaweza kuyajaza upande wa ndani yakakaa upya kwenye fizi, na hiyo ni nafuu kuliko seti mpya. Kama yamechakaa sana yatengenezwe mengine. Gundi ya viatu asitumie tena kabisa, ina kemikali za kuunguza fizi. Wala asiyakwangue kwa kisu, nimeyaona hayo pia.

Usiku ayavue ili fizi zipumue, ayasugue kwa mswaki laini na sabuni ya kawaida, ayaweke kwenye maji ya baridi. Maji ya moto yanayapinda. Anayelala nayo kila siku mara nyingi anapata fangasi, kaakaa linakuwa jekundu bila hata kuuma. Na kibogoyo naye akaguliwe kinywa angalau mara moja kwa mwaka, kwa sababu kidonda kisichopona wiki mbili, au doa jeupe au jekundu lisilofutika, lazima lionwe na daktari hata kama hakuna jino hata moja mle ndani.

Kuhusu gharama, anzeni hospitali za serikali. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na wasiojiweza wana msamaha wa matibabu. Meno ya bandia mara nyingi hayamo kwenye msamaha huo, niwe mkweli, lakini kumwona daktari, kung'oa na kutibu maumivu ulizieni dirisha la wazee kabla ya kutoa hela.

Na wanaodhani kubaki bila meno ni lazima kwa kila mzee: takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2022 zinaonyesha waliopoteza meno yote ni asilimia 23 ya watu wa miaka 60 na zaidi duniani. Wengi bado wana meno yao. Wajapani mwaka 1989 walijiwekea lengo kwamba mtu akifika miaka 80 awe bado na meno 20, na uchunguzi wao wa mwaka 2016 ulikuta zaidi ya nusu ya wazee wa umri huo wameyafikia.

Msema Kweli 77

Asante Tabibu. Jumamosi naenda kijijini. Nina neno la kumwambia Mzee kabla ya hayo ya fundi.

Binti wa Meru (mrejesho)

Wanajamvi, mwezi umepita, nawaletea mrejesho.

Jioni ile Tabibu alipoandika, nilimsomea Mama yote. Nilipofika pale pa "rangi ile haiko juu ya jino", akaninyamazisha kwa mkono. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akauliza, "Kwa hiyo si uchafu?"

Wanajamvi, Mama alikuwa anajua ni maji. Kila mtu kule anasema ni maji. Lakini yeye alielewa kwamba maji yale yanaacha uchafu, na kwamba wanaojua kujitunza wanauondoa, na yeye alishindwa. Miaka 71. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba jino lilitoka na kasoro hiyo kwenye ufizi akiwa mtoto wa darasa la kwanza.

Tukaenda hospitali. Sukari ni nzuri. Alisafishwa ugaga mara mbili, akapewa mswaki laini na kuonyeshwa namna ya kuupitisha bila kukwangua. Damu iliacha baada ya siku kumi hivi. Jino lile la chini halikuokoleka, lilitolewa, halikumuuma hata.

Daktari akampa nafasi ya kuchagua. Alisema meno sita ya juu ya mbele anaweza kuyafunika kwa dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino, yakawa meupe. Mama akaomba kioo. Akajitazama muda mrefu, akafungua mdomo, akaufunga. Akasema, "Mdogo wangu akishuka kwenye basi atamtafuta nani?" Akakataa. Akasema anataka lile moja tu lililotoka lizibwe pengo, kwa sababu chakula kinapita na sauti inapita.

Hapo kukawa na kazi nisiyoitarajia. Meno ya bandia yanakuja na rangi zake, kuanzia nyeupe mpaka njano iliyokolea, na hakuna hata moja ya kahawia. Jino jeupe katikati ya meno ya Mama lingeonekana kama taa. Fundi sanifu, kijana wa hapa hapa Dar, akamwita Mama akae mbele yake dirishani penye mwanga. Alilipaka rangi lile jino moja, akalichoma, akalijaribisha, akalitoa, akalipaka tena. Mara ya tatu akachora na kidoa cheusi ukingoni, kama cha jino la jirani yake. Mama alipolivaa sikulitambua ni lipi.

Amerudi kula mezani. Kwaya bado, anasema anasikiliza kwanza wanaimbaje. Muwa amejaribu kipande kimoja, akakiacha.

Sendofu ilikuwa juzi. Nimepitia picha zote usiku huu. Katika tatu pindo la kanga liko mdomoni, mkono umeshazoea. Katika moja yuko na mama mdogo aliyekuja kutoka Ngarenanyuki. Mama mdogo anamnong'oneza kitu sikioni, na wote wawili wameangua kicheko, vinywa wazi, meno yale yale, na kanga ya Mama imeanguka begani hajaiokota.

Hiyo ndiyo nimepeleka ikasafishwe kubwa.